Sanduku la Arobaini na Moja

Kazi yangu ni kutunza mawe.
Ghala letu liko Mtwara, nyuma ya ukuta wa bandari,
bati lake hulia mchana kwa joto.
Kisima: Ngisi-Tatu. Sanduku: arobaini na moja.
Kina: mita elfu nne mia mbili na sita.
Naandika kwa wino usiofutika,
kisha nafuta vumbi kwa kipande cha kanga
kilichobakiza nusu ya maneno yake:
hujui nilikotoka.

Jumanne akaja mjomba Nandonde
kuomba nauli ya kurudi Nanyamba.
Akavua kandambili mlangoni kana kwamba ni msikitini.
"Hiyo gesi yenu iko wapi? Nionyeshe basi ziwa lake."

Hakuna ziwa, mjomba.
Hakuna pango, wala pipa, wala mtungi uliofukiwa.
Kuna mchanga huu tu,
uliogandamana hadi ukasahau kumwagika.

Akaguna. Guno lile la kwetu.

Nikachovya kidole kwenye kikombe,
nikadondosha tone juu ya jiwe. Jiwe likalinywa.
La pili, likalinywa.
La tatu likasita kidogo,
kama mgeni anayeambiwa karibu chakula,
likaingia.
Mjomba akanyamaza. Amechimba visima miaka thelathini;
anajua jiwe lenye kiu na jiwe lenye kiburi.

"Sasa weka pumzi mahali pa maji," nikamwambia.
"Pumzi, katikati ya chembe na chembe."

Mchanga huu ulishuka na mto
zamani isiyokuwa na wa kuihesabu,
toka mlima ambao sasa haupo.
Ukarundikana ukingoni mwa kina, ukarundikana,
hadi siku moja mteremko ukashindwa.
Vyote vikaporomoka gizani, bila shahidi,
kama gunia la mpunga lililopasuka ngazini.
Chembe nzito zikatua kwanza. Nyepesi zikafuata.
Mwisho tope laini, polepole mno,
likafunika.

Tope hilo hakuna anayelipiga picha.
Wageni wakija huinamia mchanga na lenzi zao.
Lakini pasipo kifuniko, pumzi yote ingekwishapanda,
povu kwa povu, ikawa mali ya samaki.

"Basi ifyonzeni upesi," akasema mjomba, "watu tumechoka."

Nikampa jibu la Sikuzani, mjiolojia wetu wa Newala,
anayenusa jiwe kabla ya kulipima:
ukivuta kwa pupa, maji ya chini hupanda,
hupita njia ya mkato, huzingira.
Gesi iliyozingirwa hubaki humo humo,
na hakuna mtambo wa kuibembeleza.

"Kama mkopo wangu," akasema.

Ule mwaka wa matumaini alijenga nyumba ya wageni,
vyumba vinane, mchanga wa mtoni, saruji ya kukopa,
mapazia ya zambarau.
Wageni walilala miezi saba.
Sasa popo wanalala bure
na plasta inakunywa mvua.

Akaweka kiganja juu ya jiwe, muda mrefu.
"Huku utupu ndio mali," akasema. "Kwangu utupu ni utupu.
Nieleze hiyo, mtunza mawe."

Sikuwa na la kueleza.
Nikatoa elfu kumi, nikaongeza mbili za chai.
Kabla ya kutoka aliinama, haraka, akalilamba lile jiwe
kama mtoto anayeonja ukuta,
akatema mate nje, akafuta mdomo.
"Chumvi," akasema. Akaenda zake stendi.

Daftari lina safu ya mwisho, ya maelezo.
Kwa kawaida naiacha wazi.
Siku hiyo niliandika:
sampuli imelowa, matone matatu.
Nikasita na kalamu,
kisha nikaongeza:
na ulimi mmoja.